Maswali ya Macho: Namba Ilipimwa Kabla ya Dawa au Baada?

Barua nyingi za mara hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: yale matone ya kutanua mboni ambayo mtu hutiwa akienda kupimwa macho. Tumechagua saba. Aliye na karatasi yake ya vipimo karibu aitoe aitazame. Kama haisemi vipimo vilichukuliwa kabla ya dawa au baada, na ni dawa gani, hiyo ni nusu ya habari.

Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Mwalimu wake alisema anafinya macho akiangalia ubao. Alipimwa kwa ile mashine ya kompyuta ikatoa −1.25 macho yote mawili. Kisha akatiwa matone, tukangoja, akapimwa tena ikawa +2.00. Mtoto huyo huyo, siku hiyo hiyo, namba mbili zinazopingana. Ya kweli ni ipi? (Mama, Langoni, Lamu)

Waalaykumu salaam, mama. Ya kweli ni ya pili, na ile ya kwanza haikuletwa na mashine mbovu.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, na lenzi imezungukwa na msuli mdogo. Msuli ukijikaza, lenzi hunenepa na jicho huona karibu. Ukilegea, lenzi hunyooka na jicho huona mbali. Msuli wa mtoto wa miaka 8 una nguvu nyingi. Kukaza dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) na zaidi si kazi kwake. Sasa mtoto huyo aweke kidevu kwenye mashine, aambiwe atazame picha iliyomo ndani. Mashine imetengenezwa ili picha ionekane kama iko mbali, lakini mtoto anajua iko pale pale puani pake, basi hukaza. Mashine haitambui kwamba amekaza. Huandika inachokiona, na jicho lililokaza linafanana kabisa na jicho la mtu asiyeona mbali, yaani lenye namba ya kutoa.

Matone yanaulegeza msuli kwa lazima. Kwa watoto hutumika sana siklopentoleti ya asilimia 1 (wachanga hupewa ya asilimia 0.5). Hutiwa tone moja kila jicho, na mara nyingi la pili baada ya dakika 5 hadi 10. Hizo dakika si za kupoteza wakati. Ukingo wa chini wa jicho hauwezi kubeba hata tone moja zima, kwa hiyo la pili likitiwa papo hapo linalisukuma la kwanza shavuni na dawa inakuwa imeosha uso badala ya jicho.

Kisha ni kungoja, na hapa ndipo makosa mengi hutokea kwetu. Macho yetu ni meusi, na ile rangi inayoyafanya meusi hushika dawa na kuiachia polepole. Vitabu vingi husema pima baada ya dakika 30. Kwa jicho jeusi dakika 45, hata saa nzima, ni salama zaidi. Foleni ikiwa ndefu mpimaji humulika tochi, akaiona mboni imetanuka kama kifungo cha kanzu, akasema tayari. Mboni kutanuka si ushahidi kwamba msuli umelegea. Ni misuli miwili tofauti, na mmoja unaweza kutangulia mwenzake. Namna ya kuhakikisha ni kumwambia mtoto atazame mbali, halafu atazame kidole kilicho karibu, huku mpimaji akiangalia mwako wa retinoskopu. Mwako ukibadilika anapohamisha macho, msuli bado unafanya kazi, basi na asubiri.

Kuhusu hiyo retinoskopu, ile tochi ndogo yenye mstari wa mwanga inayopitishwa mbele ya jicho: kwa watoto tunaiamini kuliko kompyuta, mradi mkono uwe na nidhamu. Mpimaji akikaa sentimita 67 kutoka kwenye jicho, anatoa 1.50 katika namba aliyoipata. Kwa mwanao huenda ilisomeka +3.50, toa 1.50, inabaki +2.00. Akisogea hadi sentimita 50 bila kujua, namba itasomeka +4.00, naye akiendelea kutoa 1.50 badala ya 2.00 ataandika +2.50. Nusu dayopta imezaliwa kwa sababu kiti kilisogezwa. Jingine, mboni ikiwa imetanuka hivyo, mwako wa katikati na wa pembeni huenda njia mbili tofauti, kwa sababu kingo za lenzi hupinda mwanga kwa namna nyingine. Asome wa katikati tu, upana wa milimita 3 au 4. Wa pembeni auache ucheze wenyewe.

Kwa nini basi hafurahii ubao? Mtoto wa +2.00 hukaza siku nzima ili aone sawasawa. Msuli uliozoea kukazwa hivyo wakati mwingine hukataa kuachia, na mbali kukawa na ukungu. Hebu fikiria angevikwa miwani ya −1.25. Angelazimika kukaza 3.25 ili aone mbali tu, na akisoma kitabu kilicho sentimita 33, aongeze 3.00 nyingine. Jumla 6.25, kutwa nzima ya masomo. Ungesikia habari za kichwa kuuma kila jioni, na pengine jicho moja lingeanza kukimbilia puani.

Hata hivyo, usishangae akiandikiwa chini ya +2.00, au asiandikiwe kitu. Namba ya kwenye dawa humweleza mpimaji jicho lilivyo. Miwani huamuliwa pia kwa kuangalia kama ana makengeza, anaona mstari gani, na anasumbuka kiasi gani. Mwenye makengeza ya kuingia ndani mara nyingi hupewa namba yote. Asiye nayo hupunguziwa, na hurudishwa siku nyingine, dawa ikiwa imeisha, ajaribiwe namba hiyo kwa macho yake ya kila siku. Siklopentoleti hukaa kiasi cha siku moja, na kwa macho meusi hata zaidi. Mrudishe baada ya siku tatu.

Mimi ni fundi wa kofia za vito, umri miaka 47. Nilikwenda kupimwa miwani ya karibu. Nilipofika tu nikatiwa dawa, baadaye nikapimwa na kuandikiwa +2.50. Miwani imekuja: sindano naiona nikiinamia kofia hadi puani, na mteja aliye mbele yangu ni ukungu mtupu. Fremu ndiyo mbaya? (Fundi, Mkomani, Lamu)

Fremu haina kosa, fundi. Kosa ni mpangilio wa kazi: miwani ya kusomea haipimwi jicho likiwa na dawa.

Kwa umri wako lenzi imekuwa ngumu na uwezo wa kukaza umepungua, lakini haujaisha. Bado unakaza kiasi, na miwani inatakiwa kujaza pengo lililobaki tu. Ulipotiwa dawa, hata hicho kidogo chako kiliondolewa. Kusoma kwa sentimita 40 kunahitaji dayopta 2.50, na kwa kuwa jicho lilikuwa halichangii chochote, miwani ikabebeshwa yote. Siku ya pili dawa ikaisha, msuli ukarudi, na miwani ikawa imezidi.

Kwa mtu anayeona mbali vizuri, lenzi ya +2.50 inakomea sentimita 40. Kinachozidi hapo kina ukungu. Wa umri wako mara nyingi huhitaji +1.25 au +1.50. Ukivaa +1.25, mwisho wa kuona wazi unasogea hadi sentimita 80, na bado unaweza kukaza kidogo ukaja karibu. Hapo kofia unaiona na mteja akiwa upande wa pili wa meza humkosi.

Rudi siku ambayo hujatiwa chochote, na kofia yako ichukue, iliyoanza kutobolewa, pamoja na sindano na uzi. Keti kama unavyoketi barazani. Mwombe mpimaji achukue tepu apime kutoka kwenye jicho hadi kwenye sindano. Vitobo vya kofia ya vito hushonwa karibu zaidi kuliko watu wanavyosoma gazeti. Ikiwa ni sentimita 33, namba itaongezeka kidogo. Kibao cha kusomea cha kliniki kimechapwa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Wewe unafanya kazi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Huo ni mtihani mwingine.

Kwa faida ya wengine, haya hufanywa kabla ya tone la kwanza, kila mara: kusoma chati ya mbali na ya karibu, kupima namba ya kusomea, kuangalia kama macho yote mawili yanashirikiana, kupima rangi, na kumulika mboni kuona kama zinajibu mwanga sawasawa. Hili la mwisho husahauliwa sana. Mboni iliyokwisha kutanuliwa haiwezi kueleza habari ya mshipa wa fahamu wa jicho, na habari hiyo wakati mwingine ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote.

Nina presha ya macho na natumia dawa kila usiku. Kliniki moja ya hapa Malindi ilinipima ikapata 17. Wiki mbili baadaye, kwingine, baada ya kutiwa matone, ikawa 24. Dawa yangu imeacha kufanya kazi? (Msomaji, Barani, Malindi)

Huenda haikuacha. Usiiache wala usiiongeze mwenyewe kwa sababu ya kipimo hicho kimoja.

Presha ya jicho hupimwa kabla ya kutanua mboni. Macho ya baadhi ya watu hupanda vipimo kadhaa baada ya matone, kisha hushuka yenyewe. Yako mengine pia: kubana pumzi, kukaza kope wakati kifaa kinagusa jicho, kola iliyobana shingo, saa ya siku, na aina ya kifaa. Kinachopuliza hewa na kinachogusa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, havilingani kila mara. Kwa hiyo 17 yako ya kliniki moja na 24 ya kliniki nyingine, ukiwa na dawa juu yake, si namba za kupambanishwa. Omba upimwe tena bila matone, kwa kifaa kile kile, karibu saa ile ile.

Lakini usilidharau kabisa. Kuna macho ambayo pembe yake ya kutolea maji ni finyu. Mboni ikitanuka, ule utando wa rangi unaoizunguka unajikunja pembeni na kuziba njia. Maji hayatoki, presha inaruka. Ndiyo maana mpimaji mzuri, kabla ya kufungua chupa, hupitisha mstari mwembamba wa mwanga ukingoni mwa konea. Uwazi mweusi unaoonekana nyuma ya konea ukiwa robo ya unene wa konea au chini ya hapo, hatii dawa mpaka aitazame pembe yenyewe kwa lenzi maalumu. Kuwa na presha ya macho peke yake hakumzuii mtu kutanuliwa mboni. Kinachozuia ni pembe finyu.

Shambulio hilo mara nyingi haliji ukiwa kitini. Huja saa kadhaa baadaye, mboni ikiwa nusu njia kurudi. Jicho linauma sana, linakuwa jekundu, taa zinakuwa na duara za rangi kama upinde wa mvua, na mtu anatapika hadi akadhaniwa ameharibikiwa na chakula. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Baba yetu amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku ya kupima lenzi atakayowekewa alitiwa matone ya kutanua kwanza. Je, si atawekewa lenzi isiyo yake? (Ndugu wawili, Matondoni)

Matone hayo hayana nguvu ya kulirefusha wala kulifupisha gololi la jicho, na urefu wa gololi ndio unaobeba sehemu kubwa ya hesabu. Kinachosogea kidogo ni nafasi iliyo kati ya konea na lenzi: msuli ukilegea, lenzi hurudi nyuma, nafasi ikaongezeka. Kanuni za hesabu zinazotumia nafasi hiyo zinaweza kubadilika kidogo sana. Zisizoitumia hazisikii kitu.

Tungeuliza zaidi kuhusu konea. Mpindo wake unapaswa kupimwa ikiwa haijaguswa na chochote, kabla ya dawa ya ganzi na kabla ya kifaa chochote kuigusa. Matone huvuruga utando wa machozi, na kipimo kinasoma utando huo. Ikiwa alitiwa matone kwanza, apepese macho mara kadhaa, au arudiwe siku nyingine.

Na kama urefu ulipimwa kwa kile kijiti cha mawimbi ya sauti kinachogusa jicho, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko matone yote. Mkono ukibonyeza konea kidogo tu, jicho linasomeka fupi. Kosa la milimita 0.1 ni karibu robo dayopta. Milimita nzima ni kama dayopta 2.5 hadi 3. Na jicho likisomeka fupi, lenzi inachaguliwa kali kupita kiasi, mzee anatoka haoni mbali. Ulizeni vipimo vilirudiwa mara ngapi na vilipishana kwa kiasi gani. Kumi vinavyokaribiana vinatuliza moyo. Na ulizeni tofauti ya jicho la kulia na la kushoto: ikizidi milimita 0.3, warudie kupima kabla ya kuamua.

Mimi nina sukari. Kila nikienda kutazamwa macho natiwa dawa, na kila mara namba ya miwani ni nyingine. Dawa hii inaniharibu macho? (Bi, Watamu)

La, bibi. Kinachobadilisha namba ni sukari yenyewe. Ikipanda, lenzi huvuta maji na mtu hupoteza kuona mbali. Matibabu yakiishusha, namba huelekea upande wa pili. Usitengeneze miwani mpya hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa. Kutanuliwa mboni mara moja kwa mwaka usikuache, kwa sababu bila hivyo kingo za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hazionekani vizuri, na uharibifu wa sukari huanza bila maumivu. Ila jua kwamba mboni za wenye sukari ya muda mrefu hutanuka kwa shida. Ukiongezewa fenilefrini, dawa nyingine ya kutanua mboni, mweleze mpimaji kama una presha ya damu. Ile ya asilimia 10 hupandisha presha, na ya asilimia 2.5 ndiyo inayotumika kwa kawaida.

Mimi ni nahodha wa boti, Mokowe na Lamu. Nikitiwa dawa asubuhi, naweza kushika usukani mchana? Na wakati wa Ramadhani je, maana nasikia uchungu kooni? (Nahodha, Mokowe)

Usukani mwachie mwenzako siku hiyo. Tropikamidi, ambayo ndiyo hutumiwa sana kwa watu wazima, huanza baada ya dakika 15 hadi 20 na hukaa saa 4 hadi 8. Kwa macho meusi inaweza kulala nawe hadi kesho yake. Mbali utaona, lakini jua likipiga maji ya mkondo pale mbele ya gati, mboni haiwezi kujifinya na utakuwa kama uliyemulikwa taa usoni. Simu na saa hutazisoma. Beba miwani ya jua na kofia yenye ukingo, au kikoi cha kujitandia.

Uchungu kooni ni dawa iliyopita katika kijitundu cha machozi ikashuka puani. Ukishatiwa, funga macho na ubonyeze kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika 2. Haitafika kooni kwa wingi, na ile inayoingia mwilini hupungua. Hukumu ya funga waulize masheikh wako; kwa upande wa tiba, kipimo kisicho cha dharura kinaweza kungoja baada ya Idi.

Mjukuu wangu alipewa atropini ya kutia nyumbani siku tatu kabla ya kupimwa. Nimemtia mimi. Sasa ni mimi mwenye mboni moja kubwa! Nimepatwa na kiharusi? (Bibi, Muyeye, Malindi)

Pole, bibi. Yaelekea ulimtia mtoto kisha ukajipangusa jicho kwa kidole kile kile. Atropini ya asilimia 1 hata ikiwa kidogo inatosha kutanua mboni ya mtu mzima, na inaweza kukaa siku 7 hadi 14. Wakulima huipata hali hiyo hiyo wakishika mnanaha kisha wakajifuta jasho, kwa kuwa mmea huo una kemikali ya ukoo mmoja na atropini.

Hata hivyo nenda ukaonwe, na chupa uende nayo. Daktari anaweza kutia tone la pilokapini ya asilimia 1, ambayo kwa kawaida hufinya mboni. Iliyotanuliwa na atropini hukataa kufinyika. Ukiwa na kichwa kinachouma vikali, kope iliyoanguka au kuona vitu viwili viwili, usingoje asubuhi.

Kwa mtoto, tone moja tu kila jicho kama ulivyoandikiwa, kona ya ndani ibonyezwe, mikono ioshwe kwa sabuni, chupa iwekwe juu pasipofikika. Uso ukiwa mwekundu, mdomo mkavu, mwili ukachemka, au akaanza kuweweseka, acha dawa na umpeleke hospitali. Na siku ya kupimwa umwambie mpimaji kwamba ni atropini alitiwa, si siklopentoleti, kwa sababu wengi hupunguza dayopta 1 katika namba waliyoipata wakijua hivyo, na wasipojua hawapunguzi.